Uzi: Je, Waafrika waliokufa katika vita vya Tanga na vita vingine vya wakoloni wana nafasi katika Siku ya Mashujaa?

#1 MwanaNgamiani
Salaam wana Tanga na wengine wote. Tarehe 25 Julai inakaribia, na lipo jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Siku hiyo tutaona tena kiongozi wa nchi akiweka mkuki na ngao penye mnara, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi akiweka sime, kiongozi wa mabalozi akiweka shada la maua, meya akiweka upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wa zamani akiweka shoka. Sina neno na utaratibu huo, tena naupenda, kwa sababu silaha zinazowekwa pale ni zile walizopigania babu zetu.

Ninalouliza ni hili. Katika mji huu huu, kuanzia Raskazone hadi kwenye reli, walikufa mamia ya watu ndani ya siku chache za Novemba 1914, Mwingereza alipojaribu kuuteka mji kutoka kwa Mjerumani. Waliokuja na Mwingereza walijengewa makaburi yanayotunzwa mpaka leo, na Wajerumani wana ya kwao. Waafrika waliopigana pale, na wapagazi wa pande zote mbili waliokufa katika miaka minne ya Vita ya Kwanza ya Dunia, tunawataja lini? Tunapowaombea mashujaa tunawaombea na hao, au tunawaruka kwa sababu walivaa nguo za mkoloni? Mimi naona tunawaruka, na naona hatuwatendei haki. Nawasikiliza.

#2 Mbondei wa Muheza
Ndugu yangu, tunawaruka kwa sababu. Askari wa Mjerumani ndio walioshika bunduki wakati wa Majimaji, ndio waliochoma vijiji na maghala ya chakula Kusini, na ndio waliosimamia kazi za shuruti katika mashamba ya mkonge ya huku kwetu. Kwa mwananchi wa wakati ule, askari alikuwa mtu wa kumkimbia. Siku ya Mashujaa ni ya waliopigana ili nchi hii iwe yetu. Kuwaweka pamoja na waliopigana ili ibaki ya Mjerumani ni kumchanganya mtoto anayejifunza historia.

#3 Mwalimu Mstaafu
Kabla ya kuhukumu, tulieleze tukio lenyewe. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, HMS Fox, iliingia bandarini, na kamanda wake, Caulfeild, akamjulisha mkuu wa wilaya wa Kijerumani kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamekwisha. Onyo hilo lilimpa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Mjerumani, nafasi ya kuleta askari zaidi kwa treni kutoka upande wa Moshi. Jeshi la Jenerali Aitken, lenye watu wapatao 8,000 na wengi wao kutoka India, lilishuka Raskazone. Shambulio la asubuhi ya tarehe 3 lilirudishwa nyuma. Lile kubwa la mchana wa tarehe 4 lilifika hadi penye forodha, kisha likasukumwa nje ya mji kwa mapigano ya nyumba kwa nyumba. Tarehe 5 wakarudi melini na kuondoka, wakiacha bunduki zaidi ya 400, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi zipatazo 600,000, ambazo Mjerumani alizitumia muda mrefu baadaye.

Sasa ndugu Mbondei angalia hesabu ya waliokufa. Upande wa Mwingereza walikuwa kama 360. Upande wa Mjerumani walikuwa kama 70, na kati yao Wazungu walikuwa 16 tu, waliobaki wote ni Waafrika. Ushindi unaohusishwa na jina la von Lettow-Vorbeck katika vitabu vya Ulaya ulilipwa kwa damu yao. Nimrekebishe pia mleta mada kwa jambo dogo: makaburi ya upande wa Mjerumani hapa Tanga hayana Wazungu peke yao. Askari Waafrika nao wamezikwa humo.

#4 Dereva wa Horohoro
Mwalimu umemaliza yote bila kuwataja nyuki! Wazee wa kwetu walisimulia kwamba mizinga ilitundikwa makusudi mitini na kufungwa kamba, ili adui akipita nyuki wamwangukie, na kwamba hao ndio waliowafukuza Wahindi hadi baharini.

#5 Mwalimu Mstaafu
Nyuki walikuwapo, na waliwauma watu wa pande zote mbili. Kutundika mizinga mitini ni desturi ya kawaida ya warina asali, na risasi zilipoanza kuipiga, nyuki wakatoka. Habari ya kamba ilivuma sana Uingereza baada ya vita, na ni rahisi kuelewa kwa nini: ni nafuu kusema umeshindwa na hila kuliko kusema umeshindwa na jeshi dogo lililokuwa na watu wapatao 1,000.

#6 Raskazone Kwetu
Mimi naona kosa lilikuwa kiburi. Maofisa wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika) waliokuwa wakiijua nchi hii walijitolea kusaidia, Aitken akakataa. Alishauriwa awapumzishe watu wake Mombasa, maana walikuwa wamekaa melini wiki kadhaa tangu Bombay na wengi walikuwa wanaugua bahari, nako akakataa. Hakutuma watu kupeleleza bara ilivyo. Babu zetu wana msemo wa mji huu, na naona ulimfaa jenerali huyo kuliko mgeni yeyote aliyewahi kushuka hapa: waja leo waondoka leo.

#7 Dereva wa Horohoro
Hapo nimecheka kwa sauti, shemeji. Hata hivyo nyuki siwaachi. Watu 8,000 kushindwa na 1,000 panahitaji sababu zaidi ya kichefuchefu cha bahari.

#8 Bint Mkinga
Sababu mnayo hapo hapo mjini: reli. Bila treni ya Usambara, askari wa kutoka Moshi wasingefika kwa wakati, na mji ungechukuliwa usiku wa kwanza. Na ndugu zangu, tucheke kwa kiasi. Vijana wa Kihindi waliokufa pale katikati ya vichaka na mashamba hawakuchagua kuja. Wapo ambao mama zao hawakujua Tanga iko upande gani wa dunia.

#9 Kaole
Naingia kutoka Bagamoyo. Namuunga mkono ndugu Mbondei, na sababu yangu ni ya zamani zaidi. Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann, kamanda wa Mjerumani, aliivamia ngome ya Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa watu wa pwani, karibu na mji wetu. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kumpinga hata baada ya hapo. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Waliomshinda hawakuwa Wajerumani watupu: Wissmann alikuja na askari Wasudani aliowaandikisha Misri na wengine kutoka Msumbiji. Hilo ndilo chimbuko la lile jeshi mnalotaka liwekewe mkuki na ngao. Mkinieleza kwamba Abushiri na aliyemnyonga wanaombewa dua moja kwa siku moja, mimi nitaondoka uwanjani.

#10 Binti Pangani
Kaka Kaole, sisi wa Pangani tunamheshimu Abushiri kama nyinyi, maana kwetu ndiko alikonyongwa. Lakini usiliweke jeshi la 1889 na watu wa 1914 hadi 1918 katika kapu moja. Wasudani wale walikuwa askari wa kuajiriwa kutoka mbali. Baadaye Mjerumani aliandikisha Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, na vita ilipopamba moto wapo walioingia kwa hiari na wapo walioingia kwa sababu njia nyingine zilikuwa zimefungwa. Na wapagazi hawakuulizwa kabisa. Walikamatwa majumbani na mashambani, wakafungwa kamba na kupelekwa. Mtu aliyebebeshwa sanduku la risasi kwa nguvu hadi akafa kwa kuhara, yeye naye alimnyonga Abushiri?

Nikuongezee moja la kwetu, ambalo watu hulisahau. Aliyeichochea ghasia ya Pangani mwaka 1888 kwa kuishusha bendera ya Sultani alikuwa ofisa wa Kijerumani, Emil von Zelewski. Mtu huyo huyo aliuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891.

#11 Mbondei wa Muheza
Ahsante dada, maana umenisaidia hoja yangu. Kambi ya jeshi ya Dar es Salaam iliyokuwa inaitwa Colito wakati wa ukoloni leo inaitwa Lugalo. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi la zamani lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Nchi ilichagua kumkumbuka Mhehe aliyemshinda Mjerumani, haikuchagua kumkumbuka askari wa Mjerumani wala wa Mwingereza. Uchaguzi huo ulifanywa na waliokuwa karibu na mambo kuliko sisi.

#12 Mwalimu Mstaafu
Kambi ilibadilishwa jina, ni kweli, na Lugalo ni jina linalostahili. Lakini Colito nayo si jina la Mzungu. Ni mahali nchini Ethiopia ambapo askari wa kikosi cha 6 cha Keya, yaani Watanganyika, walipigana na majeshi ya Mussolini mwezi Mei 1941. Na kule Lugalo kwenyewe, pamoja na Zelewski, walikufa askari Waafrika zaidi ya 200. Historia yetu ina Waafrika upande huu na upande ule karibu kila mara, na tukisema tutamkumbuka wa upande mmoja tu, tutajikuta tunawagawa watu wa nyumba moja.

#13 Msambaa wa Soni
Mimi nina la nyumbani. Kaka wa babu yangu alichukuliwa kuwa mpagazi mwaka 1916, Waingereza walipoingia Usambara. Familia ilisikia tu kwamba alionekana mara ya mwisho upande wa Morogoro. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna mshahara uliokuja. Katika ukoo wetu jina lake hutajwa kila tunapofanya tambiko, na kuna mtoto aliyepewa jina hilo katika kila kizazi tangu wakati ule. Kwa hiyo mnapojadili kama anastahili, mjue kwamba kwetu alikwisha kupewa nafasi zamani, na hatukusubiri mnara.

Kinachoniumiza ni hesabu. Waingereza wenyewe waliandika kwamba wapagazi wao waliokufa Afrika Mashariki walikuwa kama 95,000, na wapo wanaoamini kwamba idadi hiyo ni ndogo kuliko hali halisi. Mjerumani hakuacha hesabu ya maana ya wapagazi wake. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Baada ya miaka 100! Wakati huo huo kaburi la ofisa aliyekufa Raskazone lilikuwa linafyekwa majani kila mwezi.

#14 Dereva wa Horohoro
Pole sana kaka. Hapa nyuki nawaweka pembeni.

#15 Kaole
Pole ndugu yangu. Kuhusu wapagazi nakubali, na dada wa Pangani amenishika pabaya. Kuhusu askari bado sikubali.

#16 Mwenyeji wa Kisauni
Habari zenu kutoka Mombasa. Nimechelewa kuuona uzi huu. Siku ya Mashujaa si ni tarehe 20 Oktoba?

#17 Raskazone Kwetu
Karibu jirani. Hiyo ya 20 Oktoba ni yenu Kenya, iliyokuwa Siku ya Kenyatta kabla ya katiba ya 2010. Yetu ni 25 Julai. Tena hapa kwetu Songea wana yao: tarehe 27 Februari wanawakumbuka viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na pale pana makumbusho ya Majimaji. Na tarehe 1 Septemba, aliyoitaja ndugu Mbondei, ni siku ya jeshi letu kuzaliwa.

#18 Mwenyeji wa Kisauni
Nimeelewa. Kwetu Mombasa ipo sanamu ya askari na wapagazi ya vita ile ya kwanza, na Nairobi ipo nyingine.

#19 Binti Pangani
Ya Dar es Salaam ni ndugu yao. Iliwekwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann. Maandishi yake ya Kiswahili yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Watu wanapita pale kila siku kwenda Posta, na wengi wanaiita Sanamu ya Askari bila kujua kwamba inamhusu na yule aliyebeba mzigo. Na soko la Kariakoo, ambako wapagazi waliwekewa kambi, limebeba jina la kikosi chao. Kaka Kaole, huoni kwamba mahali alipokuwa amesimama mshindi wa Abushiri sasa amesimama Mwafrika? Hata kama sanamu hiyo aliiweka Mwingereza kwa sababu zake, mimi naiona ni haki fulani iliyotendeka.

#20 Askari Mstaafu
Nimesoma tangu mwanzo. Nilitumikia Jeshi la Wananchi hadi kustaafu, kwa hiyo mnivumilie nikiwa mkali kidogo.

Mnazungumza habari za 1914 kwa uchungu, na ni vizuri, lakini nimefika ukurasa huu bila kuona mtu akiitaja Kaboya. Pale wilayani Muleba, mkoani Kagera, wamelala wenzetu waliokufa katika vita ya kumtoa Nduli Idi Amin. Amin aliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na vita ikaisha mwanzoni mwa Juni. Katika vita ile hawakwenda wanajeshi peke yao: walikwenda vijana wa JKT, polisi, magereza na mgambo waliotoka vijijini, wakiwemo wa mkoa huu. Naliendele, Mtwara, wamelala waliokufa kwa ajili ya Msumbiji. Tarehe 13 Julai 2013 vijana wetu saba waliuawa Darfur katika kulinda amani. Tarehe 7 Desemba 2017, Kongo, upande wa Beni, tulipoteza 14 kwa usiku mmoja. Nimewahi kubeba jeneza la kijana ambaye nilimfundisha kufunga buti. Mama yake hakulia mbele yetu, aliuliza tu kama alikuwa amekula siku ile.

Siku ya 25 Julai, ninaposimama kwa ukakamavu tarumbeta inapolia, namkumbuka huyo kijana. Sikatai wapagazi wakumbukwe. Nakataa siku hii ijazwe watu wa vita zote za dunia hadi wajane wa Kaboya wakose nafasi ya kukaa. Hao wapo hai, wanasubiri kusikia majina ya waume zao mwaka huu huu.

#21 MwanaNgamiani
Shikamoo mzee wangu, na nashukuru. Ulichosema ni kizito na sitakijibu haraka haraka. Niruhusu niweke jina moja tu mbele yako, kwa kuwa wewe ulimjua kuliko sisi: Jenerali David Musuguri. Aliingia Keya mwaka 1942, akapelekwa Madagaska chini ya bendera ya Mwingereza. Mwanajeshi huyo huyo aliliongoza jeshi letu ndani ya Uganda mwaka 1979, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Alipofariki Oktoba 2024 nchi nzima ilimwombolezea. Je, kama angekufa Madagaska mwaka 1942, akiwa kijana, leo tungesema alikuwa askari wa mkoloni asiyestahili dua? Kwangu mimi Musuguri ni mtu mmoja, na yule kijana wa 1942 siwezi kumtenga naye.

#22 Askari Mstaafu
Marahaba kijana. Mzee Musuguri umenipiga naye mahali penye mfupa. Hata hivyo, yeye tunamheshimu kwa Kagera.

#23 Bint Mkinga
Na waliorudi je, ambao hawakupata Kagera ya kuwasafisha? Babu mzaa mama alikuwa Keya, akapelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw wakati wa mvua, wakipigana na Wajapani huku malaria ikiwaangusha zaidi ya risasi. Alirudi na nishani, koti zito na kikohozi. Alisema kwamba walipokuwa wanalipwa kiinua mgongo, Mzungu alikuwa na kiwango chake, Mhindi chake, na Mwafrika cha mwisho kabisa, hata kama wote walikuwa na cheo kimoja. Nishani hiyo aliificha wakati wa uhai wake wote, kwa sababu vijana wa TANU walipoanza kupita vijijini alihofia kuonekana mtu wa Mwingereza. Lakini alikuwa wa kwanza kukata kadi ya TANU katika kijiji chake. Alikuwa akisema kwamba aliyemwona Mzungu akilia kwa woga porini hawezi tena kumwita bwana.

Tuwakumbuke pia waliozama. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, na mamia kati yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao kaburi lao ni bahari yetu hii hii.

#24 Mbondei wa Muheza
Dada Bint Mkinga, babu yako namvulia kofia, na kwa kadi ile ya TANU mimi namhesabu shujaa. Unaona sasa? Shujaa ni yule aliyerudi akaifanyia nchi yake kitu.

#25 Bint Mkinga
Na rafiki yake aliyebaki bonde la Kabaw hakupata nafasi ya kurudi kukata kadi. Hilo ni kosa lake?

#26 Mwalimu Mstaafu
Niongeze mtu mmoja katika mizani hiyo, kwa kuwa kisa chake kinajibu wale wanaodhani kwamba waliovaa nguo za Mjerumani walinufaika. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari. Vita ilipoanza yeye naye akaingia jeshini, akiwa mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akakataliwa. Akabaki huko, akafanya kazi ya kuhudumu hotelini, akaigiza katika filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Tangu mwaka 2007 kuna jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake katika barabara moja ya Berlin. Hapa nyumbani sijaona mtaa wenye jina lake.

Waliobaki hai walisubiri hadi miaka ya 1960 ndipo Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa malimbikizo. Husimuliwa kwamba wengi hawakuwa na karatasi yoyote, basi mlipaji akawapa fagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye kwata ya bunduki, na wazee wale wakaifanya bila kukosea. Watu hukisimulia kisa hiki wakicheka. Mimi nakiona kisa cha uchungu.

#27 Raskazone Kwetu
Hapo mwalimu umenigusa. Niulize sasa habari ya tarehe, maana naona tunazungukia. Ikiwa 25 Julai inabaki ya Jeshi la Wananchi na wapigania uhuru, kama anavyotaka mzee Askari, hawa wengine tuwape siku gani? Waingereza hukumbuka tarehe 11 Novemba.

#28 Msambaa wa Soni
Tarehe 11 Novemba ni ya Ulaya. Huku vita haikuisha siku hiyo. Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Wapo wapagazi waliokufa njiani ndani ya wiki mbili hizo, wakati Ulaya watu walikuwa wamekwisha kulala na amani. Kama ni siku yao, iwe 25 Novemba.

#29 Kaole
Hapo naunga mkono kikamilifu: siku yao pekee, mbali na 25 Julai. Abushiri na Mkwawa wabaki na mkuki na ngao yao.

#30 Binti Pangani
Mimi naona siku mbili zitazaa mashujaa wa daraja la kwanza na la pili, na hiyo ndiyo dhambi tuliyoilalamikia kwa Waingereza. Siku iwe moja, majina yaongezwe.

#31 Askari Mstaafu
Binti yangu, majina yapi? Ya Kaboya yapo. Ya wapagazi utayatoa wapi?

#32 MwanaNgamiani
Mzee, tuanzie tulipo. Wa Keya waliokufa, wengi wanapatikana katika orodha ya ile tume ya makaburi ya vita, ambayo iko wazi kwenye intaneti na unaweza kutafuta kwa jina na kikosi. Nyaraka za wakati wa mkoloni zipo katika hifadhi ya taifa Dar es Salaam. Kwa wapagazi, daftari lililopo ni kumbukumbu za koo, kama ulivyosikia kwa ndugu yetu wa Soni. Naomba kila mwenye jina aliandike hapa chini: jina la mtu, kijiji, mwaka aliochukuliwa, na upande aliopelekwa. Nitayapanga kwa wilaya na kuyapeleka kwa wahusika wa makumbusho ya hapa mjini na kwa viongozi wa misikiti na makanisa, kabla ya tarehe 25.

#33 Mbondei wa Muheza
Orodha ninaiunga mkono. Kusomwa kwake uwanjani siku ya 25 bado sikuungi mkono, na nitalisema hilo popote.

#34 Dereva wa Horohoro
Kwa upande wa Jasini, ambako walipigana tena tarehe 18 na 19 Januari 1915, nitawauliza wazee wiki hii nikipeleka mzigo mpakani. Kuna ukoo mmoja pale unaosema ulipoteza ndugu wawili kwa siku moja, mmoja akibebea Mjerumani, mwingine Mwingereza. Mleta mada, hao niwaandike katika mstari mmoja au miwili?